Injini ya nitro iliyotiwa makali: namna ya kuiwasha, kuizoesha na kuiseti kwa hewa ya Nairobi

Karatasi inayokuja ndani ya boksi la injini ya nitro, ile ndogo ya gari la remoti, hutoa vipimo vya sindano za kabureta (skrubu zinazopima mafuta yanayoingia) kana kwamba kila mtu anaishi Mombasa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa huwa karibu milibari 830, ilhali pwani ni kama 1,013. Ukiongeza tofauti ya joto kati ya miji hiyo miwili, silinda yako inavuta hewa pungufu kwa karibu moja ya sita ya ile ambayo ingevuta ufukweni. Ndiyo maana gari lililosetiwa jinsi kitabu kinavyosema hutoa moshi kama tanuri la makaa, hukohoa kwenye kona, kisha huzima mbele ya watu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari la remoti la mashindano la 1/8 au 1/10 (yaani sehemu ya nane au ya kumi ya ukubwa wa gari halisi), lenye injini ya 3.5 cc (ile ya .21, kwa inchi za ujazo) au 2.1 cc (.12), ambayo fundi ameitia makali. Nachukulia kwamba unajua kuendesha na umewahi kufungua injini. Maneno mawili yatarudi mara kwa mara. Nikisema mchanganyiko ni mzito, mafuta yamezidi hewa. Nikisema ni mkavu, hewa imezidi mafuta. Injini nzito itakuchosha. Injini kavu itakufilisi, kwa sababu oili huingia pamoja na mafuta, na ukipunguza mafuta umepunguza oili.

Makali yanatoka wapi

Injini ya kawaida ya dukani imeachiwa nafasi ya kuvumilia makosa. Iliyotiwa makali imepunguziwa nafasi hiyo. Fundi ameinua au kupanua matundu ya slivu (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) ili yafunguke mapema na kukaa wazi kwa muda mrefu zaidi. Amekata krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ili ivute hewa zaidi, akajaza pembe zake kwa epoksi au silikoni ili mchanganyiko upite bila kugonga kingo. Pengine amebadilisha hedi (kifuniko cha juu ya silinda) na kuweka beringi ya seramiki nyuma. Faida ya kazi hiyo yote utaiona juu, mizunguko ikipita 30,000 kwa dakika. Hasara yake utaiona chini, gari likitoka kwenye kona ya polepole.

Kwa hiyo zoea kuhesabu kidogo. Chukulia uso wa skrubu ni uso wa saa: kutoka 12 hadi 1 ni dakika tano, yaani sehemu moja ya 12 ya mzunguko mzima. Injini ya kawaida unaweza kuizungushia robo nzima usihisi lolote. Hii utaibembeleza kwa dakika tano, na siku nyingine hata hizo tano ni nyingi.

Jambo la pili ni mbano, yaani jinsi slivu inavyoibana pistoni. Pistoni ni ya alumini, slivu ni ya shaba ya njano iliyopakwa kromu, na hakuna ringi. Slivu ni nyembamba kidogo upande wa juu, ndiyo sababu injini mpya ikiwa baridi hukwama pistoni inapofika kileleni. Ikipata joto slivu hutanuka na mbano hulegea kufikia kiasi alichokusudia mtengenezaji. Injini hizi ziliundwa kufanya kazi zikiwa moto. Kuzilazimisha zikiwa baridi ni kuzisaga.

Mafuta

Mafuta ya nitro ni methanoli, nitromethani na oili. Ya magari ya mashindano huwa na oili kati ya 8% na 12% hivi. Ya ndege ndogo za remoti huwa na zaidi, mara nyingi 18% hadi 20%, na nitro kidogo. Ya ndege hayataua injini yako, lakini gari litakuwa zito na chafu, na sindano utakazoziseti kwa hayo hazitakusaidia ukirudi kwenye mafuta ya gari.

Nitro inasaidia kwa sababu rahisi. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huhitaji sehemu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Methanoli huhitaji takriban 6.4. Nitromethani huhitaji 1.7 tu, kwa kuwa imebeba oksijeni yake yenyewe. Mahali ambapo hewa imepungua, oksijeni ya kubeba ina thamani zaidi, na ndiyo sababu napendekeza 25% au 30% hapa Nairobi hata kama injini inakubali 16%. Ukisoma ushauri wa dereva wa Italia au Ujerumani, angalia kwanza anatumia nitro ngapi. Tangu Februari 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inamzuia mtu wa kawaida kununua mafuta yenye nitromethani inayozidi 16% bila leseni, kwa sababu ni malighafi ya vilipuzi. Plagi na hedi anazozisifu zinaweza kuwa za mafuta tofauti kabisa na yako.

Nunua yaliyochanganywa kiwandani, kwenye mkebe uliofungwa. Usijaribu kuyasafirisha kwenye begi la ndege. Ni kimiminika kinachowaka na hayaruhusiwi. Methanoli hunyonya unyevu, hivyo mkebe uliofunguliwa msimu wa mvua ndefu ukaachwa kifuniko kikiwa kimelegea ni wa kutupwa.

Sasa tahadhari, na hapa sitanii. Mwezi Mei 2014 pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua watu wengi katika kaunti kadhaa za Kenya, Embu na Kiambu zikiwemo, na wengine wakapofuka. Ni kemikali hiyohiyo iliyo kwenye tangi lako. Inapenya ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Usiimwage kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika moja, hasa uwanjani ambako watoto hujaa kutazama magari. Moto wake hauonekani vizuri mchana: ukiona gari limezima na rangi ya bodi inakunjamana bila sababu, linaungua. Weka ndoo ya maji karibu, kwani methanoli huchanganyika na maji na moto wake huzimika ukimwagiwa maji mengi.

Ziba kwanza

Ukiruka hatua hii, kila kitu kinachofuata ni kubahatisha. Injini inayovuta hewa pembeni haisetiki. Utaiona ikiunguruma juu na chini peke yake, au ikikataa kushuka baada ya kuachia triga, nawe utaongeza mafuta, kisha itazima kwa uzito.

Toa kabureta, safisha shingo yake, angalia oringi (pete ya mpira) iliyo chini, na paka silikoni nyembamba ya kuhimili joto pale kabureta inapoingia kwenye mwili wa injini. Fanya hivyohivyo kwa kifuniko cha nyuma. Usipake nyingi, kipande kikichomoka ndani kitaenda moja kwa moja kwenye krenki. Halafu tangi: ziba tundu moja, unganisha sirinji kubwa ya duka la dawa kwenye lingine, zamisha tangi kwenye beseni la maji na usukume hewa. Ukiona povu kwenye kifuniko, badilisha mpira wake. Tangi hupata presha kutoka kwenye bomba la ekzosi, na ni presha hiyo inayosukuma mafuta kwenda kwenye kabureta. Tangi linalovuja hufanya gari liwe sawa likijaa na kavu likikaribia kuisha, ugonjwa unaowasumbua watu miezi.

Mipira ya mafuta ibadilishe ikiwa imekuwa migumu au ya njano. Kichujio cha hewa kiwe cha sponji mbili, kilichopakwa oili maalum, na kifungwe kwa kamba ya plastiki shingoni. Vumbi jekundu la Nairobi mwezi Januari na Februari ni laini kama unga. Likipita kichujio mara moja, mbano wa slivu umekwenda.

Mwisho wa maandalizi, hakikisha sevo (mota ndogo inayosukuma kabureta na breki) inaifunga kabureta kabisa unapoachia triga, weka springi ya kurudisha, na seti mpokeaji wa mawimbi akanyage breki mawasiliano yakikatika. Bagi (gari la uwanja wa vumbi) ya 1/8 ina uzito wa kilo tatu na zaidi na inakimbia kama pikipiki. Haifai kuachwa bila dereva karibu na miguu ya watu.

Kuzoesha

Kama fundi amebadilisha pistoni na slivu, injini ni mpya na lazima uizoeshe. Kama alichokata ni krenki peke yake na slivu ni ileile ya zamani, tangi moja la kuhakikisha hakuna kinachovuja linatosha.

Pasha injini moto kabla ya kuizungusha. Asubuhi ya Julai, Nairobi ikiwa nyuzi 12 au 13 na mawingu hayajaondoka, hili si hiari. Tumia kikausha nywele kilicho na nguvu au bunduki ya hewa moto mpaka hedi isishikike kwa vidole. Legeza plagi kidogo kama bado inakwama, izungushe, kisha ikaze. Ukisikia mlio mkali wa kusagika, acha na uipashe zaidi.

Washa, iache iungurume kwa uzito kidogo, na uifunge hedi kwa karatasi ya foili ili ifikie nyuzi 90 au zaidi. Ushauri wa zamani wa kuizamisha injini kwenye mafuta mpaka inadondoka ulifaa injini zenye ringi. Hii ya mbano, ukiiendesha ikiwa baridi na nzito sana, unakula ule mbano uliolipia. Tangi mbili za kuunguruma, kisha ishushe uwanjani: nusu ya triga, dakika mbili au tatu, izime, iache ipoe kabisa. Kila inapopoa pistoni iwe chini. Weka alama ya kalamu kwenye flaiwili kuonyesha mahali hapo, ili usihitaji kufikiri. Rudia joto na baridi hivyo mara kadhaa, ukiongeza triga kidogo kidogo. Injini ya mashindano hutulia ikishakunywa lita mbili hadi karibu nne. Usiiulize kasi yake yote kabla ya hapo.

Kuseti, kwa mpangilio huu

Kabureta nyingi za mashindano zina skrubu tatu zinazokuhusu: sindano ya kasi, sindano ya chini, na skrubu ya mwanya inayoamua kabureta ibaki wazi kiasi gani ukiachia triga. Baadhi zina ya nne ya katikati. Iache kwenye kipimo cha kiwanda na usiiguse mpaka zile nyingine zimekaa.

Anza na mwanya. Toa kichujio, achia triga, tazama ndani. Mwanya wa kati ya 0.5 na 0.8 mm unatosha. Biti ya drili ya 0.7 mm ikipita kwa kugusa tu, umefika. Kwa nini mwanya kwanza? Kwa sababu kosa ninaloliona zaidi kwenye magari ya wengine ni hili: sindano ya chini ni nzito, injini inazima, mtu anafungua mwanya mpaka isizime, halafu anashangaa klachi inaburuta gari likisimama na breki zinapata moto. Uzito ulikuwepo tangu mwanzo, umefichwa tu.

Rudisha sindano zote mbili kwenye kipimo cha kiwanda. Kama karatasi imepotea, sindano ya kasi kwenye kabureta nyingi huanza mizunguko mitatu hadi minne kutoka kufungwa. Funga kwa ncha za vidole, usikaze. Ncha yake ikiharibika haitaseti tena. Kipimo hicho kitakuwa kizito kwa hapa, na ndivyo tunavyotaka. Tunatoka kwenye uzito kuelekea ukavu, kamwe si kinyume.

Washa, pasha moto kwa raundi tatu au nne. Usiguse skrubu yoyote injini ikiwa chini ya nyuzi 85 au 90. Injini baridi hujifanya nzito na itakudanganya.

Sasa sindano ya kasi. Vuta triga yote kwenye mnyoofu mrefu zaidi ulio nao. Ukisikia injini inagugumia na moshi ni mwingi, lete gari, funga dakika tano, raundi mbili tena. Nairobi utarudia hivyo mara nyingi zaidi kuliko kitabu kinavyodokeza, usiogope. Mlio utaanza kusafika, gari litavuta mpaka mwisho wa mnyoofu, na mstari mwembamba wa moshi wa samawati bado utaonekana nyuma. Funga dakika tano moja tena. Kama kasi haikuongezeka, rudisha ulipotoka na ufungue dakika tano nyingine za akiba. Hapo ndipo pa kubaki. Moshi ukitoweka, au gari likikimbia vizuri kisha kulegea kabla mnyoofu haujaisha, au injini ikizima unapoachia triga kwa ghafla, umeshapita kwenye ukavu. Fungua robo nzima mara moja, halafu uanze kurudi polepole.

Injini inayokaribia kuungua huimba vizuri kuliko wakati wowote. Kijana akisema, "Mzee, sasa imekubali!" angalia moshi kwanza.

Ya kasi ikikaa, nenda kwenye ya chini. Simamisha gari likiunguruma kwa sekunde tano hadi kumi, kisha vuta triga kwa nguvu. Likisita na kutapika moshi, ni nzito: funga dakika tano, hata nusu yake. Likisita bila moshi, kama limekosa pumzi, ni kavu: fungua. Ukiachia triga baada ya mbio na mngurumo ukabaki juu sekunde kadhaa kabla ya kushuka, hiyo pia ni dalili ya ukavu, au ya hewa inayoingia pembeni ambayo hukuiziba.

Kuna jaribio la kubana mpira. Injini ikiwa moto na ikiunguruma, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta na usikilize. Inatakiwa ipande mlio kidogo kisha izime baada ya sekunde mbili hadi nne. Ikizima papo hapo bila kupanda, ni kavu. Ikipanda sana na kuendelea kwa muda mrefu, ni nzito. Injini iliyokatwa krenki hutumia mafuta haraka, kwa hiyo kwake tarajia zaidi sekunde mbili kuliko nne.

Kila unapobadilisha sindano ya chini, mngurumo utapanda au kushuka, basi rekebisha skrubu ya mwanya tena na uhakikishe gari haliburuti. Kisha rudi kwenye ya kasi na uihakiki kwa raundi chache, maana mafuta ya sindano ya chini yanachangia mpaka katikati ya triga. Hakuna njia ya kuruka mzunguko huu.

Joto na vipimo vya uongo

Kwa injini nyingi za 3.5 cc, nyuzi 100 hadi 120 kwenye plagi ni eneo la kufanyia kazi. Lakini joto ni shahidi, si hakimu. Injini moja hupenda 105, pacha wake 118. Seti kwa mlio, moshi na mwendo, kisha pima joto ili ujue ikiwa jambo limebadilika. Likipanda nyuzi 10 ghafla na hukugusa kitu, tafuta uvujaji, kichujio kilichoziba au tangi linalokaribia kuisha.

Wazee wa mchezo huu hudondosha tone la maji juu ya hedi na kuangalia linachukua sekunde ngapi kuchemka. Ni jaribio zuri pwani. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo tone litaruka mapema na utadhani injini ina moto kuliko ilivyo.

Kipimajoto cha bunduki ni bora, lakini si zile bunduki za paji la uso zilizojaa mjini tangu 2020. Zimetengenezewa joto la mwili, si la injini. Ulizia za kiwandani kwenye maduka ya vifaa vya umeme pale Luthuli Avenue. Na uilenge chini kabisa, kwenye plagi, kati ya mapezi ya hedi. Alumini inayong'aa huakisi joto la vitu vingine na kipimo hushuka kwa uongo.

Saa, msimu na safari

Hewa ya baridi ni nzito na hubeba oksijeni zaidi. Ukiseti saa mbili asubuhi mwezi Julai, jua likitoka saa saba mchanganyiko utakuwa umeelekea kwenye uzito kidogo. Utapoteza kasi, hutapoteza injini. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Ukiseti saa nane mchana Februari, nyuzi 28, ukarudi uwanjani asubuhi yenye baridi bila kugusa kitu, uko kwenye ukavu. Fungua dakika tano kabla ya kuanza, kisha tafuta upya.

Mlima hufuata kanuni hiyohiyo. Ukipanda Limuru injini itakuwa nzito. Ukishuka Mombasa na seti ya Nairobi, injini itapata hewa nyingi mno kwa mafuta uliyoipa. Fungua sindano ya kasi angalau nusu mzunguko kabla ya kuwasha huko, na uianze upya kama ngeni. Watu wameunguza injini nzuri kwa kusahau mteremko huo.

Makali yanayofaa hapa

Ukitaka kuongeza nguvu Nairobi, usianze na slivu. Anza na mbano wa hedi, yaani jinsi mchanganyiko unavyoshindiliwa juu ya pistoni. Hewa ikiwa chache, mbano halisi ndani ya silinda umepungua, na unaweza kurudisha sehemu yake kwa kutoa washa (pete nyembamba ya chuma) moja ya 0.1 mm chini ya hedi. Pima kabla na baada: ingiza waya laini wa risasi wa mafundi wa redio kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa slivu, zungusha injini kwa mkono, toa, pima ulipobanwa. Nyingi za 3.5 cc zinazotumia nitro 25% hukaa kwenye nusu milimita au zaidi kidogo. Ukitoka 25% kwenda 30%, kuwa tayari kurudisha washa. Waya wa plagi ukianza kupinda na kukunjamana baada ya raundi chache, umebana kupita kiasi.

Plagi nayo: kwa urefu huu jaribu ya moto hatua moja kuliko inayopendekezwa, hasa miezi ya baridi. Plagi hufanya kazi kwa waya wa platini kuamsha mwako wa methanoli baada ya betri ya kuwashia kuondolewa, na kwenye hewa nyembamba waya baridi huzimika kirahisi injini ikishuka.

Bomba la ekzosi hubadilisha gari zaidi ya kisaga (mashine ya kusagia chuma) chochote. Manifodi (kipande kati ya injini na bomba hilo) ndefu hurudisha wimbi la moshi kwa kuchelewa, ikisaidia mwendo wa chini na kona. Fupi husaidia juu. Injini iliyokatwa kwa ajili ya juu, ikiwekwa kwenye uwanja wa murram wenye kona nyingi, hupata nafuu kwa manifodi ndefu kidogo. Vivyo hivyo kwa kipete cha shingo ya kabureta: cha 6 mm huvuta mafuta kwa uthabiti zaidi kuliko cha 7 mm, nacho hupunguza matumizi. Kwenye mbio ambapo tangi la 1/8 haliruhusiwi kuzidi 125 cc, hilo linaweza kukuokolea kituo kizima cha kujaza mafuta.

Na kisaga cha mkono? Mafundi wa lathe wa Kariobangi wanaweza kukuchongea kipete au kitovu cha hedi vizuri sana ukiwapa mchoro wenye vipimo. Lakini matundu ya slivu yana kromu ukingoni, na kisaga kikiteleza, kromu humeguka na kutafuna pistoni. Kazi hiyo mwachie aliyeifanya mara nyingi, au nunua slivu iliyokatwa tayari.

Baada ya kuzima

Usimalize siku kwa kuziba ekzosi. Chomoa mpira wa mafuta injini ikiunguruma, iache imalize yaliyomo. Mwaga tangi. Jaribu kuiwasha tena mpaka isishike kabisa. Tia matone machache ya oili ya kuhifadhi kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, zungusha, rudisha plagi. Methanoli iliyobaki huvuta unyevu, na beringi ya nyuma ndiyo huota kutu kwanza. Kichujio kioshe kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kikauke usiku kucha kabla ya kukipaka oili upya.

Kabla ya kurudisha plagi, itazame kwa kioo cha kukuza. Waya unaong'aa na umelowa ni wa mchanganyiko mzito. Wa kijivu hafifu, umbo lake likiwa halijabadilika, ni mzuri. Uliokunjamana au uliokatika ni wa ukavu au mbano mwingi. Ukiona chembe ndogo za chuma zimeng'ang'ania waya, acha kila kitu. Hizo ni za beringi ya nyuma au za kromu. Fungua kifuniko cha nyuma, shika flaiwili na uitikise juu na chini. Ikicheza, au ukisikia mkwaruzo ukiizungusha polepole bila plagi, badilisha beringi kabla ya kuwasha tena. Beringi ikivunjika kwenye mizunguko 30,000, vipande vyake hupanda na mchanganyiko hadi kwenye slivu, na pistoni, konrodi na hedi huharibika pamoja.